Mimea Itambaayo na Hewa ya Ndani: Hoja kutoka Pasua, Moshi

Wazo kwamba mmea utambaao husafisha hewa ya sebuleni lina mvuto wake. Mmea hauhitaji umeme, na kipande kimoja cha Epipremnum aureum, wenye majani ya kijani yaliyochanganyika na manjano, huota hata kwenye chupa ya maji. Makala haya yanadai hata hivyo kwamba katika kata kama Pasua, mjini Moshi, ambako mkaa ungali nishati ya kaya nyingi, kuukabidhi mmea kazi hiyo ni kukosea chanzo cha uchafu na kile kinachouondoa. Mmea huo una nafasi yake, lakini nje ya ukuta.

Imani hiyo ilipata nguvu kutokana na utafiti wa mwaka 1989 wa B. C. Wolverton na wenzake wa NASA. Waliifungia mimea, ukiwamo utambaao wa Hedera helix na aina ya Dracaena, jamii ya masale ambayo Wachagga huyapanda mipakani mwa vihamba, ndani ya visanduku visivyopitisha hewa, pamoja na kemikali kama benzini na fomaldehidi. Kemikali zilipungua kweli. Lakini katika chumba cha kuishi hewa huingia na kutoka, na uchafu mpya huzalishwa kila jiko linapowashwa. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walichambua upya majaribio 196 kutoka tafiti 12. Waliona kwamba ili kufikia kazi ambayo mzunguko wa kawaida wa hewa tayari unaifanya, ingehitajika mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha kupanga cha mita 3 kwa 3 kingedai mimea 90 kwa kadirio la chini kabisa. Isitoshe, kinachotisha zaidi katika jiko la mkaa ni chembe laini na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua pale jiko linapoingizwa chumbani usiku wa baridi ya Juni na Julai.

Yako mapingamizi mawili yenye uzito. Mosi, sayansi inasonga: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliutia Epipremnum aureum jeni ya sungura, ukaondoa benzini na klorofomu ndani ya vichupa. Ni mafanikio halisi, ila hata mmea huo hufaa tu hewa ikisukumwa kuyafikia majani. Pili, madirisha hufungwa kwa sababu ya mbu, vumbi na wezi, na gesi ni ghali. Ni kweli, lakini ugumu huo unadai wavu, nondo na jiko lihamie barazani, mambo ambayo mpangaji na mwenye nyumba wanaweza kukubaliana.

Hapo ndipo mmea utambaao unapopata kazi. Mpasheni ukipandishwa kwenye fito mbele ya dirisha hupunguza jua la Januari na Februari linalopiga ukutani, na chumba kisicho na joto kali huvumilika dirisha likiwa wazi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Hadi lengo hilo lifike Pasua, afya ya wanaopika italindwa kwanza na njia ya hewa iliyo wazi, na kila mmea upimwe kwa jinsi unavyosaidia njia hiyo ibaki wazi.