Redio, Viongozi na Mabadiliko ya Jamii Kondoa, 1971–1997

Kondoa, wilaya iliyo kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma, ni nchi ya watu wa lugha zisizo za asili moja: Warangi, ambao lugha yao ni ya Kibantu, Waburunge na Waalagwa, ambao lugha zao ni za Kikushi, na Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko, yaani sauti zitolewazo kwa kuudokoa ulimi. Kabla sehemu yake ya kusini haijatengwa kuwa Wilaya ya Chemba, wote hao waliishi chini ya wilaya moja, na kila neno lililotoka Dar es Salaam kwa Kiswahili lilipaswa kusemwa upya majumbani na barazani ndipo liwe la wenyeji. Kuanzia miaka ya 1970, ambapo viongozi na redio walitaka kuzigeuza desturi za watu hao, jambo moja lilidhihirika: sauti ya mbali iligeuza maisha pale tu iliporuhusiwa kujadiliwa na wale waliokusudiwa kuisikia.

Mfano wa kwanza ni wa kiongozi aliyefundisha kwa vitendo. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, mpango wa kuwakusanya wananchi wa mkoa huo katika vijiji vya ujamaa, Rais Julius Nyerere alikwenda Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji, na habari hiyo ilienea nchini kote kwa magazeti na kwa Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa chini ya serikali tangu 1965. Heshima ya kiongozi anayeonekana akichafuka mikono ilikuwa kubwa, lakini haikutosha yenyewe kuwafundisha watu namna ya kuishi katika makazi mapya, ambako nyumba zilikaribiana na maradhi yaliweza kuenea kwa wepesi zaidi.

Pengo hilo ndilo lililojaribiwa kuzibwa mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya, iliyotumia vikundi vya usikilizaji, yaani makundi madogo ya watu wazima waliokusanyika kwa wakati uliopangwa kuizunguka redio moja. Kwa muda wa wiki 12 kipindi kilisikilizwa, kisha mwenye kujua kusoma akawasomea wenzake sura ya kitabu kuhusu malaria, kuhara au kichocho. Baada ya hapo kiongozi wa kikundi aliuliza ni lipi kati ya hayo lililopo kijijini kwao, na kikao hakikufungwa mpaka wameamua kazi ya kufanya, kama vile kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba au kufukia madimbwi ya maji. Takriban watu milioni 2 walishiriki nchini kote, na nguvu ya kampeni ilikuwa katika swali lile la mwisho, ambalo lilimfanya msikilizaji kuwa mwamuzi.

Katika miaka hiyohiyo Kondoa ilionja njia iliyo kinyume. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kuwa HADO, ukifadhiliwa na Sweden ili kuyakabili makorongo yaliyokuwa yakiila milima ya Irangi, na mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote, wakiwemo ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, iondolewe katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Majani na miti vilirudi, na mafanikio hayo hayafai kubezwa. Lakini kwa mfugaji ng'ombe ni mahari, ni samadi na ni akiba ya njaa, naye aliletewa uamuzi uliokwisha kukatwa. Ni mwishoni mwa miaka ya 1980 tu ambapo ng'ombe wa maziwa walianza kurudi kwa sharti la kufugwa zizini na kukatiwa majani, na ndipo hifadhi ya ardhi ilipoanza kumpa mfugaji faida aliyoweza kuipima mwenyewe.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulipatikana mkoani Dodoma kwa njia ya ukimya. Mwezi Julai 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio wa mfululizo, ambao mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi, hatimaye anaugua UKIMWI, huku mkewe Tunu akijifunza kujitegemea. Mtambo wa Dodoma haukuurusha mchezo huo hadi 1995, ili watafiti wapate kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi mahali uliposikika, na baada ya Dodoma kuanza kuupokea, mabadiliko ya namna hiyohiyo yalionekana huko pia hadi 1997. Watafiti waligundua vilevile kwamba redio ilifanya kazi kubwa kwa kuwapa mume na mke, na majirani, jambo la kuzungumza.

Kwa hiyo historia ya eneo hili inatoa hukumu iliyo wazi: umaarufu wa kiongozi hufungua masikio na redio hufikisha neno, lakini desturi hubadilishwa na wenye desturi. Wanaotumia leo redio na simu kuwahimiza wananchi wa Kondoa hawana budi, kama walivyofanya waandaaji wa Mtu ni Afya, kutenga muda wa swali na kusubiri jibu lake.