Upimaji wa diodi kwa multimita

Upimaji wa diodi kwa multimita ni njia ya kutambua kama diodi, yaani kifaa kinachopitisha mkondo wa umeme upande mmoja tu, ni nzima au imeharibika. Kabla ya kupima, umeme huzimwa na chaji iliyobaki kwenye kapasita huondolewa. Inafaa pia mguu mmoja wa diodi ung'olewe kwenye saketi, kwani vifaa jirani huweza kupotosha kipimo.

Multimita ya dijiti huwekwa kwenye alama ya diodi. Waya nyekundu hugusishwa anodi, nyeusi kathodi, upande wenye mstari. Diodi nzima ya silikoni huonyesha takriban volti 0.5 hadi 0.8, ya gerimani, volti 0.2 hadi 0.3. Waya zikibadilishwa, kioo huonyesha OL: mkondo haupiti. OL pande zote mbili humaanisha diodi imekatika ndani. Sifuri au karibu na sifuri pande zote humaanisha imepiga shoti.

Katika multimita nyingi za mshale, zinapopima omu, waya nyeusi ndiyo yenye chanya, hivyo matokeo husomwa kinyume.