Kinga Inayoua Seli za Mwili Wake: Historia ya Chanjo ya Ndigana Kali

Mfugaji wa Kishapu huitambua ndigana kali kwa tezi ya chini ya sikio. Hiyo huvimba kwanza, kisha ile ya mbele ya bega; ng'ombe huacha kula, homa hupanda, na mwishoni povu humtoka puani. Wafugaji wengi wameichoma tezi hiyo kwa chuma cha moto. Chuma hakitibu, lakini jicho lililochagua mahali pa kuchoma halikukosea. Humo ndimo kimelea Theileria parva, kinacholetwa na kupe wa masikio, huteka chembe nyeupe za damu na kuzilazimisha zigawanyike mfululizo kama saratani; kila chembe inapogawanyika, kimelea nacho hugawanyika na kurithiwa na zote mbili. Kwa kuwa adui amejificha ndani ya seli za ng'ombe mwenyewe, kinga ya kutegemewa ni ile inayoziua seli zilizotekwa na kuziacha zilizo nzima. Jambo hilo lilithibitishwa hapa kwetu Afrika Mashariki, kwa ng'ombe, na wafugaji wa Kanda ya Ziwa wana haki ya kunufaika nalo.

Waliotangulia hawakulijua. Mtafiti Robert Koch aliviona vimelea hivyo Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890, akavidhania ni vya ugonjwa mwingine. Ugonjwa ulipozuka Rhodesia ya Kusini aliitwa huko, akawadunga ng'ombe damu ya waliopona, akaambulia patupu. Mafanikio yalipatikana Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970: kupe walioambukizwa walisagwa, mchanganyiko wake ukagandishwa, kisha ng'ombe akadungwa vimelea hai pamoja na oksitetrasaiklini. Dawa hiyo humpunguza kasi adui, na mwili hupata muda wa kumjua. Chanjo hiyo ina aina 3 za vimelea, mojawapo ikiwa na asili ya nyati wa Serengeti.

Kilichomlinda ng'ombe si kingamwili, kwa maana seramu ya waliopona haikumwokoa mwingine. Mwaka 1981 watafiti Eugui na Emery, wakiwa Nairobi, walionyesha kwamba ng'ombe mwenye kinga ana seli zinazoziua seli zake zilizoambukizwa. Ushahidi mzito zaidi ulichapishwa mwaka 1994: seli za ndama mwenye kinga zilihamishiwa kwa pacha wake wa kufanana, naye akaokoka; zile za kuua, za aina ya CD8, zilipoondolewa, ulinzi ukatoweka. Hata kwa binadamu seli za kinga zimetumiwa hivyo: mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya saratani ya damu kwa seli za kinga zilizobadilishwa maabarani. Mbinu ni tofauti kabisa, ila kazi ya seli hizo ni ileile.

Wapo wanaosema kuogesha kunatosha. Majosho lazima yaendelee, kwani chanjo hii haizuii ndigana baridi wala maji moyo. Lakini josho likikosa dawa, kupe hurudi na kumkuta ng'ombe asiye na kinga. Wengine husema ng'ombe wa Kisukuma ni mgumu. Ni kweli kwa aliyeambukizwa angali ndama akapona, si kwa aliyekulia pakavu kisha akahamishiwa penye unyevu na kupe wengi. Pingamizi ninalolipa uzito ni jingine: aliyechanjwa hubaki na vimelea na anaweza kuvisambaza. Kwa hiyo chanjo isipelekwe ovyo mahali ambapo ugonjwa haupo. Ulipokwisha kukita mizizi, hatari hiyo ni ndogo kuliko hasara ya ndama wanaokufa. Inabaki shida ya nitrojeni ya kimiminika inayoihifadhi. Hata hivyo, Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania wamekuwa wakiilipia chanjo hiyo wenyewe tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na magari ya migodi hufika Geita na Bulyanhulu kila siku, hivyo mtungi wa nitrojeni nao unaweza kufika. Chanjo ikishayeyushwa, hutumika ndani ya saa chache kwa ndama wengi kwa pamoja. Sharti hilo humwelemea mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, lakini kwa mifugo ya Shinyanga, inayokutana kwenye josho moja, halina ugumu.