Soko la Rumonge na Amani ya Njia

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na polisi mlio zamu barabarani na ziwani.

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda kusini, ziwa likiwa kuumeni kwake na milima kushotoni, hupita kwanza jiwe la Mugere, walipopumzika Livingstone na Stanley mwezi Novemba 1871. Akiendelea hadi kilomita 70 na zaidi hufika Rumonge. Hapo mgeni hanunui vinyago. Hununua mafuta ya mawese, dagaa ambao Warundi huwaita ndagala, na samaki aina ya mukeke.

Biashara hiyo ni kongwe kuliko bendera zote zilizopata kupepea katika pwani hii. Chumvi ya Uvinza ilivushwa kwa mitumbwi hadi Burundi, na mazao ya huku yakaenda soko la Ujiji, ambako bei ilihesabiwa kwa shanga zilizoitwa sofi. Burton na Speke walipopita hapa kwa mitumbwi mwaka 1858 wakielekea Uvira, walifuata njia ambayo wenyeji waliijua tangu zamani. Wafanyabiashara kutoka mwambao wakaleta Kiswahili, ambacho hata leo ni lugha ya soko la Rumonge.

Lakini njia iletayo chumvi yaweza pia kuleta bunduki. Katika miaka ya 1880 watu wa Rumaliza, tajiri wa Ujiji, waliishambulia kaskazini ya ziwa wakitafuta watumwa na pembe. Hapakuwa tena na muuzaji na mnunuzi, bali mtekaji na mtekwa.

Historia ya karibu ni chungu zaidi. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi waliishambulia Rumonge na sehemu nyingine za kusini, wakaua Watutsi wengi. Kisha jeshi na vyombo vingine vya dola vikaua Wahutu nchi nzima, zaidi ya 100,000 kwa makisio mengi. Maelfu wakavuka ziwa kukimbilia Tanzania na Kongo. Mashamba yao wakapewa wengine, na sehemu yake ikaingizwa katika miradi ya serikali ya michikichi. Waliporejea walimkuta mtu mwingine akikata vichala. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilipokea mashauri mengi ya pwani hii. Hivyo chupa ya mawese kando ya barabara ina historia ndani yake.

Ina jasho pia. Vichala hukatwa, chikichi huchemshwa, hukamuliwa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mikono, na mafuta huenda jikoni na katika viwanda vya sabuni. Dagaa nao huvuliwa usiku kwa taa, wakaanikwa mchangani au juu ya vichanja vya waya. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti, na mama muuzaji hurudi nyumbani na beseni tupu.

Mama huyo ndiye afikaye kizuizini penu. Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1993 barabara hii ilijulikana kwa mashambulio ya kuvizia, na bidhaa ziliozea zilikotoka. Leo magari hupita. Je, yatosha kwamba risasi hazisikiki? Askari akitwaa fungu moja la dagaa bila kulipa, kwake ni kitoweo cha jioni. Kwa mama yule ni faida ya siku nzima. Na mtoto aliye ubavuni mwake hujifunza siku hiyo maana ya sare.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona ikiwa mlinzi wa njia ndiye ampunguziaye mzigo. Basi, ndugu askari, ukitamani mukeke wa Rumonge, uliza bei, toa fedha, kisha mpishe mama aende zake sokoni.