MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: Watu wa Dini Mbalimbali na Ujenzi wa Mji wa Tabora

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike machache juu ya historia ya mji uliotulea. Historia hiyo ni ndefu, nami nimechagua jambo moja tu, nalo ni mchango wa watu wa dini mbalimbali katika kuujenga mji wa Tabora. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni mzaliwa wa Bukene, stesheni ya reli iendayo Mwanza, na kwa sisi wa Bukene Tabora ndio mji. Huko ndiko tulikokwenda kusoma, kutibiwa na kutafuta haki zetu maofisini. Pili, nimewasikia vijana wakibishana dini ipi ndiyo iliyoleta maendeleo katika mkoa wetu. Mabishano ya namna hiyo huzaa chuki bure, na anayeijua historia hawezi kuyaingia.

Wenyeji wa kwanza

Tuanze na wenyewe. Kabla ya msikiti na kanisa kulikuwa na Wanyamwezi wa Unyanyembe chini ya watemi wao. Nao walikuwa na dini. Walimjua Mungu, wakamwita Likube, na waliwaheshimu mizimu wa wazee wao. Hawakuwa na desturi ya kumlazimisha mtu kuabudu kama wao. Wanyamwezi walikuwa wasafiri na wapagazi mashuhuri. Walitembea hadi pwani wakibeba pembe za ndovu, wakalala katika nchi za watu, wakajifunza kuishi na kila mtu. Mtu aliyepata kuwa mgeni mara nyingi hujua kumpokea mgeni.

Mnamo mwaka 1852 hivi, wafanyabiashara Waarabu kutoka pwani walifanya makao Kazeh, mahali ambapo baadaye pakaja kuitwa Tabora. Hawakufika wakiwa watawala. Walikaa kwa idhini ya mtemi. Kutoka hapo njia ziligawanyika: moja ikaelekea Ujiji, nyingine ikaelekea kaskazini hadi Ziwa Viktoria na Uganda. Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, aliyewapokea na kuwatunza alikuwa Mwarabu, Snay bin Amir. Yafaa tulitazame jambo hilo kwa makini. Wakristo wawili walipokelewa na Mwislamu katika nchi ya mtemi ambaye hakuwa Mkristo wala Mwislamu. Huo ndio mwanzo wa Tabora kama mji.

Mchango wa Waislamu katika siku hizo unaonekana hadi leo. Walileta ujenzi wa nyumba za mjini, mashamba ya mpunga na miti ya matunda, na kisomo cha herufi za Kiarabu. Zaidi ya yote walikileta Kiswahili, wapagazi wakakieneza kila walikokwenda. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, tarika ya Kadiria ilienea Tabora na vitongoji vyake, ikawakusanya katika zikiri watu wa makabila mbalimbali, pamoja na wale waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa. Mtu aliyetengwa na ukoo wake kwa sababu ya utumwa alipata ndugu wapya msikitini.

Mwaka 1872 Dakta Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti, akingoja wapagazi na mizigo. Alipofariki mwaka uliofuata huko Chitambo, ambako leo ni Zambia, maiti yake ilibebwa na watumishi wake hadi pwani, wakipitia hapa Unyanyembe mnamo Oktoba 1873. Miongoni mwao walikuwa Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright. Majina hayo peke yake yanaonyesha kwamba katika njia ya misafara watu wa malezi mbalimbali walishika mzigo mmoja.

Mambo ya kusikitisha

Lakini mwandishi wa historia asiwe mpambe wa harusi. Njia hiyohiyo iliyoleta Kiswahili na miti ya matunda ilipitisha watumwa. Waarabu waliokuja kwa idhini ya mtemi hawakukubali kila mara kubaki wageni. Mtemi Manwa Sera alipotaka kuwatoza kodi walipigana naye, wakasaidia kumwondoa katika kiti chake na kumweka Mkasiwa, na vita vikaendelea hadi katikati ya miaka ya 1860. Kuanzia mwaka 1871 kukawa na vita vikubwa kati ya Waarabu wa Tabora na Mirambo wa Urambo.

Kwa upande wa Wakristo nako mambo hayakuwa safi yote. Mapadri Weupe walifika Tabora mwaka 1878, na baadaye wakafungua makao Kipalapala. Huko waliwalea watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na kazi hiyo ilikuwa ya huruma. Hata hivyo Mtemi Isike aliwashuku Wazungu, na mwaka 1889 Kipalapala ikaachwa. Isike hakukosea kushuku, kwa kuwa nyuma ya msalaba ilikuwa inakuja bunduki ya Mjerumani. Januari 1893 ngome yake ilipovunjwa, alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Dini haikuwa chanzo cha vita hivi. Chanzo kilikuwa biashara na utawala. Lakini watu wa dini waliishi katika mambo hayo, na wengine walinufaika nayo.

Mirambo atufundishe jambo moja. Hakubatizwa wala hakusilimu, ila alipoona kwamba watu wake wanahitaji tiba aliwakaribisha wamisionari wa London Urambo mwaka 1879. Daktari wao, Southon, aliwatibu watu wa Urambo hadi alipofariki hukohuko mwaka 1882. Kazi ya kituo hicho ilichukuliwa baadaye na Wamoravian, waliofika Urambo mwaka 1898, na kutoka hapo wakaenda Sikonge, ambako hospitali yao na huduma yao kwa wagonjwa wa ukoma zilijulikana mkoa mzima. Mapadri Weupe nao walikuwa wamefungua misheni ya Ndala mwaka 1896, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Nzega, wilaya yetu sisi wa Bukene.

Reli na mji mpya

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Misafara ya miguu ikafa, stesheni zikazaliwa, Bukene ikiwa mojawapo. Biashara ya mpunga na karanga ikapata njia, na pamoja na wenye maduka, makarani na mafundi zikaja dini nyingine. Mjini Tabora walikuwapo Waismailia, Mabohora, Wahindu, Masingasinga na Wagoa Wakatoliki. Kila jumuiya ilijenga mahali pake pa ibada, na aghalabu pembeni yake ikajenga shule au zahanati. Mwaka 1945 Aga Khan alipoanzisha jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, aliahidi kuongeza kiasi kilekile ambacho Waislamu wenyewe wangechanga, na kwa njia hiyo misikiti na shule zilijengwa katika nchi zetu.

Kule Kipalapala Wakatoliki walirudi na kufungua seminari kuu, na baadaye kiwanda cha uchapaji kilichojulikana kwa jina la T.M.P. Kiwanda hicho kilichapa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa nchi nzima na watu wa dini zote. Tazama mzunguko huo: lugha iliyoletwa na wafanyabiashara Waislamu ilichapwa kwa wingi na mapadri, na aliyekuwa msomaji ni mjukuu wa mpagazi.

Tatizo la elimu

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi huliogopa. Wakati wa Mwingereza shule nyingi zilikuwa za misheni, na serikali iliziongezea nguvu kwa ruzuku. Madrasa hazikuhesabiwa kuwa shule za kupewa ruzuku. Mzazi Mwislamu alikuwa na njia mbili: kumpeleka mtoto misheni akiogopa kwamba atarudi na jina jingine, au kumbakiza nyumbani bila elimu ya shule. Wengi walimbakiza. Matokeo yake ni kwamba ukarani, ualimu na udaktari vilielekea upande mmoja, na malalamiko yaliyotokana na hali hiyo yapo hadi leo. Si kosa la Mwislamu wala si hila ya mtoto wa Kikristo aliyepata bahati ya kusoma. Ulikuwa mpango wa serikali ya kikoloni ambayo iliona nafuu kuwaachia wengine gharama za elimu.

Kwa ajili hiyo shule yetu ina nafasi ya pekee. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1922, kwanza kwa ajili ya watoto wa machifu, nayo haikuwa ya dini yoyote. Julius Nyerere alisoma hapa kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, na alibatizwa Desemba 1943, baada ya kuondoka. Abdallah Fundikira, Mwislamu wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, alisoma hapa, na baadaye akawa waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru. Rashidi Kawawa alisoma hapa pia, akawa Waziri Mkuu mwaka 1962. Hakuna mmoja wao aliyeulizwa mlangoni anasali wapi.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mchango wa shule ya dini ulikuwa mdogo. Nyerere aliporudi kutoka Makerere alifundisha Shule ya Mtakatifu Maria hapa mjini, ambayo baadaye iliitwa Mihayo, kuanzia mwaka 1946. Padri Richard Walsh, aliyekuwa mkuu wake, alimsaidia kupata nafasi ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Mchana mwalimu huyo alikuwa katika shule ya mapadri. Kazi ikiisha alikuwa katika tawi la T.A.A. la Tabora pamoja na Waislamu wa mji, akijifunza siasa. Mji ulimpa vyote viwili.

Mtihani wa 1958

Matunda ya mazoea hayo yalionekana Januari 1958, TANU ilipofanya mkutano wake mkuu hapa Tabora. Mwingereza alikuwa ameweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya shule ya kiwango fulani, au kazi maalumu. Fikiri maana yake. Wanachama wengi wa TANU hawakuwa na sifa hizo, na Waislamu wengi, kwa sababu nilizozieleza, walikosa ile ya elimu. Waliambiwa wakubali uchaguzi ambao wao wenyewe wasingeupigia kura, na wawaamini wenzao waliosoma wawapigie. Mjadala ulikuwa mkali. Zuberi Mtemvu alipinga, kisha akaondoka na kuanzisha chama chake. Mwishowe mkutano ulikubali kushiriki, na hatua hiyo ikaitwa Uamuzi wa Busara. TANU na wagombea iliowaunga mkono wakashinda, na uhuru ukafika tarehe 9 Desemba 1961 bila kumwaga damu.

Sioni mfano mkubwa zaidi wa imani ya raia kwa raia. Lakini imani hiyo ilikuwa pia deni. Waliopewa kura ya wasiosoma walipaswa kuhakikisha kwamba watoto wa wasiosoma nao wanasoma. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilipewa uwezo wa kuzichukua shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku, na milango ikafunguliwa kwa wote. Wakristo waliokuwa wamezijenga kwa jasho lao walitoa mengi siku hiyo, na haifai kusahau.

Wajibu wetu leo

Mambo yamebadilika tena. Mwaka 1992 serikali na makanisa zilitiliana sahihi makubaliano juu ya huduma za elimu na afya, na shule na hospitali za dini zimeongezeka. Tabora ilipata chuo kikuu kishiriki kinachoitwa kwa jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo. Waislamu wamelalamika kwamba makubaliano ya 1992 yaliwaacha nje, na malalamiko ya raia yanastahili kusikilizwa kwa hoja, si kwa hasira. Shule za Kiislamu nazo zinajengwa. Yote haya ni mema. Hofu yangu ni moja tu, kwamba tunaweza kufika mahali ambapo mtoto wa Kikristo atasoma kutoka chekechea hadi chuo kikuu bila kukaa dawati moja na Mwislamu, na Mwislamu vivyo hivyo. Watoto hao wakikutana mezani kwa mara ya kwanza wakiwa wakubwa ofisini, nani atamwamini mwenzake kama walivyoaminiana wale wa 1958?

Wakati wetu, katika miaka ya 1990, Ramadhani ilipofika waliofunga walitengewa chakula chao jikoni, na mara nyingi aliyemwamsha mwenzake kula daku alikuwa Mkristo wa kitanda cha juu. Huko Bukene, mtu akifa, vijana huchimba kaburi bila kuulizana dini ya marehemu. Watani hufanya vituko vyao, kisha shehe au padri hushika zamu yake. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ni mazoea, na mazoea yasiporithishwa hupotea.

Kwa hiyo nawaomba wahitimu wenzangu mambo mawili. Kwanza, wazee wa Tabora walioyaona mambo haya wanazidi kupungua. Chama chetu kiwape wanafunzi wa somo la Historia kazi ya kuwahoji wakati wa likizo, misikitini, makanisani na vijijini, na majibu yao yachapwe katika gazeti hili. Pili, sisi tunaochangia shule na zahanati za dini zetu tuulize kila mwaka swali moja: wangapi kati ya waliohudumiwa hawakuwa wa dini yetu? Kwa jibu la swali hilo tutajua kama tunaujenga mji au tunajijenga wenyewe.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Dini zote mbili kubwa zilifika Unyanyembe zikiwa wageni, zikapewa mahali pa kukaa. Aliyekaa zaidi ya miaka mia moja si mgeni tena. Sasa ni zamu yake kupokea wengine.

Nawatakia wote mkutano mwema, na wanafunzi mlioko madarasani nawatakia mitihani mema.