Neno Rasta na Macho ya Mpita Njia

Katika Kiswahili cha leo mtu aweza kusema, "Rasta amefika," kisha akasema, "Rasta zimefumuka," na msikilizaji asitatizike. Katika sentensi ya kwanza nomino ina upatanisho wa A-WA na inamtaja mtu. Katika ya pili ina upatanisho wa I-ZI na inataja nywele. Katika saluni za Tanzania neno limesafiri mbali zaidi: kusuka rasta ni kusuka kwa nywele za bandia, tendo lisilohusiana na imani ya Marasta, ilhali nywele zilizosokotana zenyewe huitwa dredi. Sarufi, basi, imemtenga mtu na nywele zake. Mpita njia huviunganisha tena: huona nywele, akamhukumu mtu.

Hukumu hiyo ina historia. Mwaka 1930 Ras Tafari Makonnen alitawazwa kuwa mfalme wa Ethiopia kwa jina la Haile Selassie, na baadhi ya maskini wa Jamaika wakauona utawazo huo kuwa utimilifu wa unabii. Miongoni mwao walikuwamo walioacha kuchana na kukata nywele, wakijinasibisha na nadhiri ya Mnadhiri katika Biblia. Neno la Kiingereza lililozipa nywele hizo jina, dread, lina maana ya hofu, na pia ya kicho. Mwenye nywele alikusudia kicho mbele ya Mungu; jirani yake alisikia hofu. Mnamo Aprili 1963, baada ya ghasia za Coral Gardens karibu na Montego Bay, Marasta wengi walikamatwa na kupigwa, na baadhi yao wakanyolewa kwa nguvu. Serikali ya Jamaika iliomba radhi mwaka 2017.

Nchini Kenya macho ya mpita njia yalifunzwa na vita vingine. Wapiganaji wa Mau Mau walifuga nywele misituni, na picha ya Dedan Kimathi akiwa amelazwa kwenye machela baada ya kukamatwa Oktoba 1956 iliwaonyesha walowezi gaidi, na wengine ikawaonyesha shujaa. Muthoni wa Kirima, aliyekuwa mpiganaji, alizihifadhi nywele zake hadi mwaka 2022 ziliponyolewa hadharani. Hata hivyo, heshima hiyo haikumfikia kila mtu. Mwaka 2019 msichana mmoja wa Nairobi alirudishwa nyumbani na shule kwa sababu ya nywele zake. Katika mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamua kwamba Urastafari ni dini inayolindwa na katiba, na kwamba shule ilikosea.

Nywele hizohizo zikiwa juu ya kichwa cha Mzungu, lawama hubadilika: mpita njia haogopi tena, bali hudai haki. Mwaka 2016 ulidhihirisha mgongano huo nchini Marekani. Katika chuo kikuu kimoja cha San Francisco mwanamke Mweusi alimkabili mwanafunzi Mzungu mwenye dredi, akimwambia kuwa zile ni za utamaduni wa Weusi. Miezi michache baadaye mahakama ya rufani ya shirikisho iliamua kwamba kampuni iliyomnyima kazi mwanamke Mweusi kwa sababu ya dredi haikuvunja sheria ya ubaguzi wa rangi, kwa kuwa mtindo wa nywele si sifa ya kuzaliwa. Mahakama ilisema nywele hizo hazina rangi. Yule mwanamke alisema zinayo. Mtu asiyeusikia uamuzi wa mahakama hawezi kuielewa hasira ya chuoni: ni uchungu wa kumwona mwingine akivaa kwa hiari, bila gharama, kile ambacho wenzake hunyimwa kazi kwacho. Mwaka 2019 jimbo la California lilipiga marufuku ubaguzi wa namna hiyo.

Madai hayo nayo yana mipaka yake. Mwaka 2022 tawi la Hannover la vuguvugu la vijana wa mazingira lilifuta onyesho la mwimbaji Mzungu mwenye dredi, likimwambia kuwa angeruhusiwa iwapo angezikata. Baadaye liliomba radhi kwa kauli hiyo, kwani kumtaka mtu anyoe ndipo akubaliwe ni amri ileile waliyoijua Marasta. Tena, masadhu wa India na Wabaye Fall wa Senegali walifuga nywele kama hizo kwa sababu zao wenyewe.

Kwa mtunzi wa kamusi, somo ni bayana. Kidahizo rasta kinastahili maana tatu: muumini, nywele zilizosokotana, na msuko wa nywele za bandia. Msukwaji wa Dar es Salaam amelichukua jina la imani ya watu bila kuulizwa na yeyote, na msichana wa Nairobi amefukuzwa darasani kwa jina hilohilo. Kamusi inayoziandika maana hizo mbalimbali humkumbusha mpita njia kwamba bado hajajua ni ipi aliyokutana nayo.