Feleji ya Ziwa: ugomvi wa wasomi uliowaacha wahunzi nyuma

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, walilijenga upya tanuri la kuyeyushia chuma. Kazi hiyo ilikwisha kuachwa karibu nusu karne kabla ya hapo, na wengi wao mara ya mwisho waliiona wakiwa vijana. Aliyewaomba ni Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, na maandishi yake ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya habari hizi.

Wazee walichimba shimo, wakalijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa nusu, kisha juu yake wakainua tanuri kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani. Kewa nane, yale mabomba ya udongo yanayopitisha upepo wa mivukuto, zilisukumwa hadi ndani ya tanuri badala ya kuishia ukutani. Walijaribu, wakakosa, wakarekebisha, wakajaribu tena. Mwishowe walipata chuma, na ndani ya chuma hicho mlikuwa na feleji.

Hapo ndipo moto ulipowaka kwelikweli, ila safari hii si Buhaya, nchi ya Wahaya. Septemba 1978 Schmidt na mhandisi Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba kewa zilizoingia ndani ziliupasha upepo joto kabla haujayafikia makaa, na kwamba joto la tanuri lilipita nyuzi 1,800. Walidai pia kuwa mabaki waliyoyafukua Kemondo, kando ya ziwa, yalionyesha ufundi wa namna hiyo ulikuwapo miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Ulaya ilianza kupuliza upepo uliopashwa joto mwaka 1828, kwa hataza ya James Neilson wa Scotland. Kwa hesabu hiyo, wahunzi wa ziwani walimtangulia kwa karne nyingi. Jarida la Time likaibeba habari hiyo na dunia ikawasikia Wahaya.

Wapinzani hawakukawia. Manfred Eggert, mwanaakiolojia Mjerumani, alihoji mwaka 1985 ushahidi wa Kemondo na wa Katuruka, kijiji kingine cha Buhaya alikochimba Schmidt. Mwaka uliofuata J. E. Rehder, mtaalamu wa metali, alipiga hesabu akasema upepo hupita ndani ya kewa kwa kasi mno, hauwezi kupata joto la maana. Mwanaakiolojia David Killick naye akaonya dhidi ya kuupamba ufundi wa Afrika kwa sifa zisizothibitishwa. Hata umri wa Katuruka ulitiliwa shaka, kwa sababu mkaa wa mti mzee huweza kuonyesha tarehe za kale kuliko siku ulipochomwa. Schmidt alijibu, akajibiwa, na malumbano yakaendelea kwa miaka.

Ukiyasoma malumbano hayo utakuta nyuzi za joto, kasi ya upepo na vipimo vya maabara. Mzee aliyejua lini mvukuto upumzike na rangi gani ya moto inafaa, amegeuka mfano katika hoja ya mwingine. Feleji yenyewe haibishaniwi sana. Kinachobishaniwa ni nani apewe sifa, na wenye sifa hawakuwapo mezani.

Hata hivyo Buhaya haikuwa peke yake. Kusini mwa ziwa, Uzinza na Geita, Warongo walifua majembe yaliyofika Usukuma na Unyamwezi. Hawa hawakuwa kabila. Walikuwa chama cha kazi, watu wa koo mbalimbali waliounganishwa na tanuri, wenye dawa zao na miiko yao. Tanuri lilihesabiwa kama mwanamke mjamzito, na wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka chuma kizaliwe. Jembe lililotoka humo lililima na lilitolewa mahari. Kisu, mkuki na shoka vilifuliwa kwenye moto huohuo.

Misafara ya pwani ilipofika ziwani karne ya 19, ilitaka kitu kingine: meno ya tembo. Ukerewe na jirani zake wakayauza. Pembe zikaenda Zanzibar na ng'ambo kuwa vitufe vya piano na mipini ya visu vya mezani, na vitambaa na shanga vikarudi. Kisha likaja jembe la kiwandani kutoka Ulaya, rahisi na jingi, likayazima matanuri. Baada ya uhuru kiwanda cha zana za kilimo cha UFI kilijengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na jembe la Mrongo likabaki la makumbusho.

Kwingineko kazi ya mkono bado ina soko: siku hizi mafundi wa Marekani na Ulaya hutengeneza visu vya kuagizwa, mpini ukichongwa kwa pembe za mammothi, mnyama wa kale wa jamii ya ndovu aliyetoweka, zinazofukuliwa kwenye ardhi iliyoganda ya Siberia. Biashara ya kimataifa ya meno ya tembo ilipigwa marufuku mwaka 1989, na pembe ya kale ikapanda chati. Mteja hulipa pesa nyingi akinunua kisu chenye hadithi.

Sisi tunayo hadithi ya makali, na hatuiuzi. Ukitaka kisu cha kupasulia sangara Mwanza, cha dukani kina mpini wa plastiki. Cha fundi wa mtaani kimefuliwa kwa springi ya gari, mpini wa mti, nacho hununuliwa na asiyemudu cha dukani. Makumbusho ya Bujora, Kisesa, yanatunza vifaa vya wahunzi, na wanakijiji wa Katuruka wamejitahidi kuuhifadhi urithi wao. Inatosha kuonyesha mgeni, haitoshi kumpa kijana kazi.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanafundisha uchomeleaji. Wangeweza kumwita mhunzi mmoja kwa muhula akafundisha kufua, kuzima chuma majini na kunoa, kisha kisu kikapigwa muhuri wa jina la aliyekifua na mahali alipokifulia. Anayelipia pembe ya Siberia atalipia pia chuma chenye jina la Kemondo au Geita, mradi kiwepo.